Binti wa Kalembe Aliyelala Juu ya Upepo

Habari zilinifikia asubuhi, chai ikiwa bado ya moto mkononi. Binamu yangu aliyeko Masisi alipiga simu akasema yule dada wa Kalembe, yule wa upepo, ametutoka. Nikaweka kikombe chini. Kabla sijapata hata nafasi ya kuhuzunika vizuri, simu nyingine zikaanza kuingia, na kila aliyepiga alikuwa na swali lile lile: parachuti ilikataa kufunguka? Hapana. Naomba niliseme hapa mara moja ili nisisumbuliwe tena sokoni wala kanisani. Hakuanguka kutoka mbinguni. Alikufa kitandani, hospitalini Masisi, kwa ugonjwa wa figo uliokuwa umemrudisha nyumbani, na mama yake alikuwa amemshika mkono. Aliruka kutoka kwenye ndege mara nyingi kuliko wengi wetu tulivyowahi kupanda ndege, na kila mara alifika chini mzima, akakunja kitambaa chake, akaenda kula. Kilichomuua ni kile kile kinachotuua sisi tunaotembea kwa miguu.

Sikuwa rafiki yake wa karibu, na sitaki kujitia ukaribu sasa kwa kuwa hayupo wa kunikatalia. Tulijuana barabarani, kwenye njia ya kutoka Masisi kwenda Kalembe, njia ambayo mvua ikinyesha humfanya hata mwenye haraka awe mtu wa subira. Mimi nilikuwa naenda harusini kwa mpwa wangu. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope, pikipiki zote zimesimama nyuma yake, na sisi abiria tumekaa ukingoni tukigawana mkate na jibini. Juu yetu, kwenye kilima cha malisho, alisimama mwanamke wa makamo, mikono ameitandaza, viganja vikitazama chini, macho ameyafumba. Kwetu mtu akisimama hivyo mlimani anatafuta mtandao wa simu. Dereva wangu wa pikipiki akamwita, "Dada, uko natafuta rezo?" Akafumbua macho bila aibu. "Hapana, kaka. Niko naangalia kama upepo ya huku inaweza kubeba muntu." Dereva akanitazama, akapunguza sauti, akasema safari ya leo ina mambo. Mimi nikasogea na kipande changu cha jibini, maana mtu akijibu hivyo siwezi kumwacha peke yake.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Kalembe, watu wa maharage na mihogo, aliyekwenda Ubelgiji akapata kazi ya kutunza wazee. Kule, sikukuu moja, waajiri wao waliwapa wafanyakazi zawadi ya kwenda kwenye mnara wa vioo ambamo watu hulipa ili wapeperushwe. Wenzake waliogopa, yeye akavaa ovaroli na kofia ngumu akaingia. Akanieleza jinsi unavyosimama mlangoni, ukajilaza mbele kama mtu anayejitupa kitandani, na mahali ulipotazamia kukuta sakafu unakuta upepo. Mwalimu anakuonyesha kwa vidole, maana kelele ni nyingi: inua kidevu, kunja magoti, legeza mabega. "Siku muzima niko nainua bantu, Papa," akaniambia. "Nainua bazee kitandani, nabapeleka mu bafu, nabarudisha. Siku ile njo mara ya kwanza kintu iliniinua miye." Nikaacha kutafuna. Tangu hapo, kila alipopata mapumziko alikwenda mnarani, na baadaye akaanza kuruka na parachuti kutoka kwenye ndege, kwanza akiwa amefungwa kifuani mwa mwalimu, kisha peke yake.

Nikamuuliza basi ni kitu gani kimemleta huku kwenye matope. Uso ukabadilika. "Mama yangu, bantu wanamukimbia," akasema. Kumbe alikuwa ametuma video kwa kaka yake, akiwa na furaha zake, na kaka akampelekea mama simu ili amwone bintiye akielea. Simu yenyewe spika ilikuwa imekufa siku nyingi. Hapakuwa na sauti ya mashine, hapakuwa na maelezo, ni mtu tu anapepea ndani ya kitu cha kioo, mdomo wazi, mashavu yakitetemeka. Majirani nao wakaona. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwetu ni nani husemwa kwamba anaruka, na husemwa anaruka saa ngapi. Mmoja akasema binti amefungwa ndani ya chupa. Mwingine akasema chupa haimfungi mtu bila mzazi kukubali. Kufikia Jumapili, mama mtu mzima, mwanakwaya, mama wa watu, alikuwa ameshageuzwa mlozi, mchawi wa kuruka usiku, aliyemuuza mwanawe.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa heshima zote, mimi na wahenga tumekosana hapo. Wakati mwingine lisemwalo halipo kabisa na wala haliji, lakini limeshakula mtu. Wamama wa kilima kile huvuna kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu ya mama yule ilipofika, kila mmoja alipata udhuru: mguu unauma, mtoto ana homa, kuna wageni. Maganda yakakauka mpaka yakapasuka, maharage yakamwagika kwenye udongo. Kanisani benchi lake likawa refu, maana hapakuwa na aliyekaa karibu naye. Na tusidanganyane, mambo hayo huwa hayaishii kwenye benchi. Tumeona wazee wakifukuzwa kwenye vijiji walivyozaliwa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Ndiyo maana binti aliomba ruhusa kazini, akapanda ndege, safari hii akiwa ameketi kitini kama watu wengine.

Baada ya harusi nilikwenda kuwasalimia. Nikapewa kigoda na kikombe cha maziwa, nikanywa, na watu waliokuwa wakipita njiani kwenda sokoni wakanitazama kama mtu anayeaga dunia. Mama na binti walikuwa wamevuna wenyewe kilichosalia, wakakipiga kwa fimbo juu ya turubai la plastiki uani. Binti akanisimulia kwamba alipofika mlangoni, mama yake hakumkumbatia kwanza. Alimshika mabega, akamuuliza, "Ulitoka?" Naye akauliza, nilitoka wapi? "Mu chupa." Yule mama aliyasikia yote haya akiwa anachambua mawe kwenye maharage, wala hakuinua uso. Nilisikia uchungu mpaka maziwa yakanishinda.

Basi binti akachukua ungo kupepeta. Akasimama akiuelekea upepo uso kwa uso, akamwaga, makapi yote yakamrudia machoni. Akarudia tena vilevile, kwa ukaidi. Wakati huo alikuwa anapita mama mkubwa, kiongozi wa kikundi cha kuvuna, mzigo mgongoni, uso ameugeuzia upande wa pili. Sasa, kwa wasiowajua wamama wa kwetu: wanaweza kukunyima salamu mwaka mzima, lakini hawawezi kumpita mtu anayeharibu kazi ya ungo. Akasimama. Akaenda hatua chache. Akasimama tena. Mwisho akatua mzigo, akaingia uani bila hodi, akaunyakua ungo.

"Weye mutoto, Ulaya ilikukula akili? Geuka. Upepo inatokea kule."

Akapepeta, na ilikuwa raha kutazama: maharage yanashuka mahali pamoja, makapi yanakwenda zake pembeni.

"Mama," binti akasema akijifuta macho, "ile makapi iko naruka ju ya nini? Mulozi njo anaibeba?"

"Mulozi ya nini? Upepo njo inabeba."

"Na miye kule ni ile ile. Walitengeneza upepo kubwa, inatoka chini. Mashini iko chini ya wavu, inapuliza kwenda juu. Muntu analala juu yake."

"Muntu iko muzito."

"Njo maana mashini iko munene." Na hapo hapo akalala kifudifudi juu ya lile turubai la plastiki, mikono ametandaza, magoti amekunja, kidevu juu, mtu mzima wa Ubelgiji mbele ya njia ya sokoni.

Mama mkubwa akainama kumtazama vizuri. Nilimwona mama mwenye nyumba ameacha kuchambua mawe, mkono umebaki hewani. "Kumbe," mama mkubwa akasema, "ulienda Ulaya kuwa makapi." Aliyecheka kwanza ni mama mwenye nyumba, kicheko kilichotoka na machozi. Kisha yule mwingine akajitazama kiuno na nyonga, akauliza, "Na miye, na hii mwili yangu, ile mashini ingeweza?" Binti akamjibu kwamba wangeongeza nguvu ya mashine kidogo. Mama mkubwa akaketi chini kwa kucheka, akawaita wenzake waliokuwa njiani, "Kujeni muone, mutoto anaonyesha ginsi wanaruka." Wakaja. Kwanza wawili, kisha kundi. Wakapepeta maharage yote yaliyokuwa pale, na waliponyweshwa maziwa, wakanywa. Jumapili iliyofuata nilisikia kwamba kwenye lile benchi wamama walibanana mpaka mmoja akahamia kwingine.

Mimi nina shaka yangu. Mtoto aliyelelewa kwa maharage hasahau upepo unatokea wapi, sembuse huyu ambaye raha yake yote ilikuwa kuusikiliza upepo. Nilimuuliza waziwazi kama alifanya makusudi. Akanijibu, "Papa, kunywa maziwa yako."

Miaka iliyofuata alirudi kila alipopata likizo, nasi tukaonana mara chache. Mara moja alinilaza mimi mwenyewe kifudifudi juu ya benchi, akaniamuru niinue kidevu na nilegeze mabega, na tumbo langu likafanya kazi ambayo magoti yalikataa. Nikamuuliza swali ambalo sisi sote tungeuliza: kitu hiki kinaleta nini? Maana kwetu ndivyo tunavyopima. Kijana wa Walikale anaulizwa kama amepata kazi Bisie kwenye mgodi, binti wa Masisi anaulizwa ameolewa wapi, ng'ombe anaulizwa maziwa. Mtu mzima akionekana anacheza, anaulizwa kama ana akili timamu. Yeye hakukasirika. "Hailete kintu, Papa. Mushahara wangu ni ya familia, mikono yangu ni ya wazee. Hii moja tu njo yangu." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tumelelewa tukiamini kwamba furaha ni mabaki, kitu unachokikomba kwenye sufuria wengine wakishakula. Sijui ni nani alitufundisha hivyo, lakini alifundisha vizuri, maana hata mimi niliona haya kumwambia kwamba pale juu ya benchi nilikuwa nimefurahi.

Nilimuuliza pia kwa nini haruki kwetu, ambako milima ni mizuri na malisho ni laini kutua. Akasema kwetu, kwa sababu ya vita, watu wakisikia ndege wanakimbilia mashambani na kulala chini kati ya mimea ya maharage, na yeye hataki kumtia mtu mbio kwa ajili ya raha yake. "Nitaruka huku siku bantu wataangalia juu bila kuogopa. Hata kama si miye, muntu mwengine ataruka." Alilisema kama mtu anayepanga kupanda muhogo msimu ujao. Siku hiyo haijafika. Lakini mimi, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kununa, siku hizi nikisikia ndege juu ya vilima hujikuta najiuliza itakuwaje tukitazama juu kwa hamu tu, na naona kwamba naweza kulifikiria jambo hilo. Zamani nisingeweza.

Nilikwenda mazikoni. Kaka yake alisimama kueleza maisha ya marehemu kama ilivyo desturi: alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akasoma, akaenda ng'ambo, akatunza wazee, akasaidia ndugu. Alisema vizuri. Akafika mwisho, akataka kumkaribisha mchungaji. Mama yake akasema kutoka kitini, "Umesahau kintu." Kaka akainama kumnong'oneza, nasi tuliokaa mbele tukasikia: "Mama, bantu ni wengi, kuko na wageni. Ile tuache." Yule mama akashika bega la aliyekuwa karibu, akasimama. Aliyekuwa karibu ni mama mkubwa wa kikundi, naye akasimama pamoja naye.

"Semeni kama aliruka," mama akasema. "Mutoto wangu alikuwa anaruka. Aliruka muchana, bantu wakimuangalia, na alipenda sana. Miye niko mama yake, sina haya."

Kaka akarudia kwa sauti, kila mtu akasikia, hata wale wa nyuma kabisa kwenye mteremko. Hakuna aliyenong'ona.

Basi wasomaji wangu, haya ndiyo niliyorudi nayo kutoka Kalembe. Kama una jambo unalolipenda na halimdhuru mtu, lifanye mchana, na watu wako uwaeleze mapema kwa kazi wanazozijua na maneno wanayoyatumia, maana tusipowaeleza watajieleza wenyewe, na malipo atayatoa mama yako. Na siku tutakapoitwa kumtaja marehemu, tusiishie kwenye shule, kazi na misaada yake. Tuseme pia alifurahia nini. Mama aliyekaribia kufukuzwa kwa sababu ya furaha ya mwanawe ndiye aliyeitetea mbele ya kaburi, na sisi wengine hatuna kisingizio.