Tangazo la Maulidi Mlangoni pa Duka

Mwaka tuliotaka kusoma Maulidi kwa mara ya kwanza hapa Bugene, mume wangu, mfanyabiashara wa kutoka pwani, aliandika tangazo kwa herufi za Kiarabu akalibandika mlangoni pa duka. Lilijaa maneno juu hadi chini. Watu walilipita bila kugeuka.

"Bwana, sisi Wanyambo hatuzijui herufi hizi," nilimwambia. "Niache niwachoree."

"Chora, lakini usichore mtu wala mnyama. Na karatasi imebaki moja tu."

Wino nao ulikuwa umekwisha, nikakoroga masizi ya chungu na utomvu wa mti. Nilichora mwezi, dufu na sinia la wali, kisha nikamwonyesha jirani aliyekuja kununua chumvi.

"Naona nyungo tatu," alisema. "Siku hizi mnauza nyungo?"

Nilicheka naye, ingawa moyoni niliumia. Alipoondoka niligeuza karatasi upande wa pili. Sinia sikulichora tena. Nilichora mwezi uliokaribia kujaa, kama utakavyokuwa siku yenyewe, na chini yake mkono ukipiga dufu.

Mume wangu alikunja uso.

"Mkono si mtu," nikamwambia. Akaichukua karatasi, akaibandika mlangoni.

Kesho yake jirani yule alisimama mlangoni. "Kwa hiyo mwezi ukifika hapo, kwenu kuna ngoma?"

"Dufu, dada. Na chakula."

Siku ilipofika, watu walianza kuingia uani tangu alasiri, wengine kutoka Rugera, na mikungu ya ndizi vichwani. Wali haukutosha. Tukakaa chini na jirani yangu, tukamenya ndizi.