Ntumba Ndani ya Seva

Kabla Kauthar hajaletwa, mtandao ukikatika kwenye ghala lolote la chama cha ushirika, kuanzia Laela hadi Namanyere, simu ilipigwa kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Eustace, mzee wa Kizwite aliyeishia darasa la saba, akajifundisha kompyuta kwa vitabu vilivyoachwa na mafundi wa Dar es Salaam. Aliitunza seva ya chama tangu iliposimikwa, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Coleta, karani wa ghala la Kaengesa, hakuanza na shida. Walisalimiana kwanza kwa Kifipa, wakaulizana habari za maharage na za wagonjwa, ndipo Eustace akamwelekeza azime nini na awashe nini. Siku hizi mtu anakutumia ujumbe, "mtandao haupo", bila hata shikamoo, kana kwamba anauandikia ukuta.

Mwaka huu, mahindi yakiwa bado yanakauka mashambani, makao makuu walitoa onyo. Ile programu ndogo inayoandika kumbukumbu za kila kinachotendeka ndani ya seva ilikuwa ya toleo la zamani, na toleo hilo lilikuwa na tundu la kumpitisha mwizi aliye mbali. Isipobadilishwa kabla ya ununuzi kuanza, seva ya Sumbawanga ingetengwa, na wakulima wangerudi na mahindi yao. Eustace akangoja kuitwa. Meneja, mama Rhoda, akamwita Kauthar, binti wa Sadick mwenye malori, aliyekuwa amemaliza chuo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Rhoda akimtambulisha.

Eustace hakuwa anaumwa. Ugonjwa ulianza siku ile. Binti aliletewa kiti kipya. Yeye alikuwa amekalia kigoda miaka yote. Binti alibishiwa hodi. Yeye alikuwa akiitwa kupitia dirishani. Vidole vya binti vilikimbia juu ya vitufe bila kutazamwa, na Eustace alivichukia kimoja kimoja. Kibaya zaidi, alikuwa na adabu. Kila asubuhi aliinama kidogo, "Shikamoo, mzee," na mzee akakosa pa kumshika.

Kisha akamsikia akiongea kwa simu, akicheka. "Ndiyo, dada Coleta. Zima halafu uwashe." Eustace alisimama mlangoni mpaka chai ikapoa mkononi.

Kauthar aliweka toleo jipya. Makao makuu wakapima, wakasema la zamani bado limo. Akarudia, jibu likawa lile lile. Jioni hiyo Eustace alipita getini akipiga mluzi, na Masalu, mlinzi wa Kisukuma, akamsimamisha.

"Mzee, leo meno yote yako nje. Ng'ombe amezaa?"

"Ng'ombe ni wenu," alijibu Eustace. "Sisi tunalima."

Kesho yake binti alimfuata. "Mzee, samahani. Ndani ya seva kuna folda linaitwa Ntumba. Sikutaka kugusa kitu chako kabla sijakuuliza."

Mfipa wa zamani hakuchoma nyasi za shamba. Alizipindua, akazifunika kwa udongo, akafanya tuta la mviringo, ndiyo ntumba; nyasi zikaoza chini, na mwaka wa pili tuta likatawanywa, ulezi ukapandwa. Leo wanachoma, kisha wanalalamika kwamba ardhi imechoka. Eustace alilelewa kwenye matuta hayo. Miaka mingi nyuma, alipoibadilisha programu ile ile kwa mara ya kwanza, hakuthubutu kuitupa ya zamani. Aliifukia kwenye folda, pale pale zinapokaa programu nyingine, akaamini imelala.

Kumbe seva husoma kila kilichomo, na kilichofukiwa pia. Kauthar alimweleza taratibu, kama anayeogopa kukosea. Ya zamani ndiyo ilikuwa ikiamka kwanza. Na kila ilipoandika neno, ilijaribu kupeleka nakala kwa kompyuta moja ya Dar es Salaam iliyokwisha ondolewa. Inaita, inangoja, inakata tamaa, inaanza upya, na kazi nyingine zote zinasubiri nyuma yake.

"Nafikiri ndiyo maana Kaengesa wanalia mtandao kila msimu," alisema.

Miaka yote Eustace alikuwa ameusingizia upepo wa Ufipa. Alikuwa amepandisha watu mnarani kwenye baridi ya Julai. Wakulima wa Kaengesa walikuwa wamelala juu ya magunia yao wakingoja risiti. Alilielewa lote hilo palepale, lakini wivu ulimtangulia kusema.

"Usiliguse," alisema. "Ukilitoa, Kaengesa inazimika kabisa."

"Sawa, mzee."

Asubuhi ya kufungua ununuzi, seva ikiwa bado ina tundu lake, Rhoda alimwita Kauthar ofisini na kumwambia arudi kwenye malori ya baba yake. Mlango ulikuwa wazi. Eustace alisikiliza ukumbini, akingoja jina lake litajwe. Neno moja tu, "mzee alinikataza", lingetosha. Binti hakulisema. Alisema atajitahidi tena.

Hilo lilimuuma kuliko kiti, kuliko simu. Hata katika kukaripiwa binti alikuwa amemshinda, na sasa alitaka kumwachia deni la fadhila? Eustace aliingia chumba cha seva, akalifuta folda kwa mkono wake, akaiwasha seva upya.

Makao makuu walipima tena, wakaridhika. Kupitia mlango ule ule akamsikia Rhoda akiomba radhi, akimsihi binti abaki, awe mtunzaji wa seva. Kauthar alitoka, akamtazama Eustace, akajua ni nani aliyelifuta folda. Akainamisha kichwa, akapita.

Simu ya Eustace ikaita. Alikuwa Coleta, na kwa mara ya kwanza hakusalimu.

"Baba, sijapata kuona! Nabonyeza tu, risiti hii hapa. Watu wanapiga vigelegele. Huyo binti ana mkono mwepesi."

Eustace alifungua kinywa. Ni mimi, alitaka kusema. Lakini Coleta angeuliza alifanya nini, na yeye angejibu ameondoa nini, kilichowekwa na nani?

"Baba, upo? Mfikishie shukrani zetu."

"Nitamfikishia," alisema.

Kauthar alikuwa bado ukumbini, karibu kiasi cha kuitwa kwa sauti ya chini. Eustace alimwacha aende.