Siku Niliyoitaja Manyema

Sisi tuliosoma shule ya msingi Singida mjini, enzi za kwenda shuleni na fagio mkononi na kidumu cha maji kichwani, huwa tunatambuana hata tukikutana ugenini. Mmoja akitaja upepo wa mwezi wa saba, ule wa kupasua ngozi ya magoti, mwenzake anacheka na kujipapasa miguu. Hatukuwa na losheni. Tulipakwa mafuta ya alizeti, yaleyale ya kukaangia, tukang'aa, tukanukia maandazi, tukaenda zetu kupanga mstari.

Vijana wa leo ukiwasimulia hayo wanakwambia, "Pole, mama." Wanatuonea huruma! Hawajui raha ya kucheza rede kwa mpira wa soksi mbovu mpaka usikie jina lako likiitwa mara ya tatu, ile ya hatari. Hawajui kuteleza kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba zetu hadi sketi itoboke. Wao chakula kikiletwa wanakipiga picha kwanza. Sisi ukichelewa kunawa, ulikuta wenzako wameshamaliza nyama.

Kwetu kulikuwa na mboga ambayo sijaiona kwingine: mlenda wa nazi. Mama yangu alikuwa Mnyiramba wa Iguguno, amekulia ugali wa uwele na mlenda. Baba alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, na mama yake, Bibi Zuhura, aliishi nasi. Yeye aliamini mboga isiyo na nazi ni ya mgonjwa. Nazi zilikuja na mabasi kutoka pwani, nusu yake zimeoza. Siku moja mama na mkwewe waligombea sufuria moja, kila mtu akatia chake, na kilichotoka humo ndicho tulichokula miaka yote.

Bibi Zuhura alikuwa mrefu, mkimya, na kanga zake hazikosi pasi. Ukimuuliza asili yetu alijibu neno moja tu: "Pwani." Majirani walituita Waswahili, nami nikaridhika na hilo, mpaka nilipofika darasa la nne.

Mwaka ule Mwalimu Yohana, aliyetufundisha nyimbo, aliandaa siku ya wazazi. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kila kitu kikae kwenye mstari wake. Akasema kila kabila litacheza ngoma yake. Tukatolewa uwanjani: Wanyaturu upande wa bendera, Wagogo karibu na jiko la uji, Wanyiramba upande wa vyoo, nao wakalalamika sana. Tukabaki wawili katikati, mimi na rafiki yangu Mwajuma, ambaye baba yake alikuwa chotara wa Kiarabu.

"Rehema, wewe kabila gani?" mwalimu aliniuliza.

"Mswahili, mwalimu."

Uwanja mzima ukacheka. Nikajisogeza kwa Wanyiramba, maana mama yangu ni wao. Msichana mmoja akanisukuma. "Kabila linafuata baba," akasema. "Rudi kwenu."

Sikujua kwetu ni wapi.

"Kamuulize baba yako," mwalimu akaniambia kwa upole. "Kesho utanijibu."

Nilimkuta baba anakata kitenge. "Mwambie sisi ni watu wa hapa," akasema.

"Hapa wapi, baba?"

"Hapa dukani." Wateja wakacheka, na baba akacheka nao. Mimi sikucheka. Asubuhi yake nikagoma kwenda shule. Mama alibembeleza, akatishia fimbo, nikang'ang'ania kitanda. Mwishowe Bibi Zuhura akaingia, akamwomba mama atupishe, akafunga mlango na kuketi miguuni pangu.

"Unataka kujua?"

"Nataka, bibi."

Aliutazama mlango kwanza. Kisha akasema, "Babu yangu alitoka Bagamoyo, amebeba mzigo wa mtu begani. Pwani yetu ndiyo hiyo. Miguu ikamvimba, msafara ukamwacha huku, Wanyaturu wakamuuguza. Bibi yangu hakutoka pwani hata kidogo. Alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alitekwa akiwa mdogo kuliko wewe, wakawa wanampeleka kuuzwa. Akatoroka njiani, akapokelewa na familia ileile. Wakakutana watu wawili wasio na lugha moja, ila Kiswahili kibovu cha njiani. Wakaoana kwa hichohicho. Watoto wao hawakujua lugha nyingine, na babu yako aliyenioa naye alikuwa mchanganyiko kama mimi."

"Kwa nini unasema pwani tu?"

"Kwa sababu mtu akishakuita mtumwa, neno halitoki. Bibi yangu alisahau hata jina la mama yake mzazi, na jambo hilo lilimliza mpaka uzeeni." Akanishika mguu kwa nguvu. "Haya ni ya humu chumbani. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Nilirudi shule nikamwambia mwalimu kwamba kwetu tumechanganyika. Akakuna kichwa, akasema basi mimi na Mwajuma tutafute ngoma yetu. Bibi akatufundisha lelemama, ngoma ya akina mama wa pwani iliyofika mpaka miji ya bara: mnasimama kwa mstari, miguu inatulia, mikono na mabega ndiyo yanacheza. Jioni wiki nzima tulijipanga uani, mstari wa watu wawili, na bibi akiimba huku anachambua mchele.

Siku yenyewe ilipofika, mama yake mama, Bibi Raheli, alikuja kwa basi kutoka Iguguno na kuku kwapani. Alikuwa mwanakwaya wa kanisani, hajawahi kucheza ngoma tangu abatizwe. Aliketi mbele kabisa. Wanyaturu wakacheza, Wagogo wakaruka, vumbi likajaa kwenye uji. Zamu yetu ikafika. Mwalimu Yohana akasimama kutangaza. "Sasa kundi la mwisho, ambalo ni..." Akakwama. Akanigeukia. "Rehema, waambie wazazi, ninyi ni akina nani?"

Nilikuwa na miaka kumi. Niliwaona watu wote wananitazama, nikamwona na yule msichana aliyenisukuma, hasira ikanipanda, na maneno yakanitoka yote.

"Babu wa bibi yangu alitoka Bagamoyo amebeba mzigo wa watu. Bibi yake alitoka Manyema, alitekwa akiwa mtoto, akatoroka. Wanyaturu wakawatunza. Mama yangu ni Mnyiramba wa Iguguno. Ndio sisi."

Nilimtafuta Bibi Zuhura, nikaona amejifunika kanga usoni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwajuma alianza kucheza peke yake, akaona simfuati, akasimama.

Kisha mama mmoja akainuka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa Mama Hadija, muuza vitumbua wa sokoni, mwenye sauti ya kuita wateja tangu mtaa wa pili. Siku ile hakuitumia. Alipita katikati ya watu mpaka kwa bibi yangu, akapiga magoti.

"Zuhura," akasema, "tunasali safu moja miaka yote hii. Bibi yangu naye aliletwa hivyohivyo. Nilidhani niko peke yangu."

Bibi akafunua uso. Wakashikana wale wanawake wawili, wakalia mbele ya wazazi, walimu na viongozi waalikwa, wala hawakujali.

Bibi Raheli alitazama, akamkabidhi baba kuku, akaja mpaka tulipokuwa. "Huyu mjukuu wangu," akatangaza, kama kuna aliyebisha. "Haya, chezeni." Akaanza kupiga makofi ya kwaya, mapigo ambayo hayakulingana na lelemama hata kidogo. Tukacheza hivyohivyo. Mama Hadija akaingia kwenye mstari, wakafuata wanawake wengine wa sokoni, mwisho akaja Bibi Zuhura, macho mekundu, mabega yake yakiwafundisha wote.

Njiani kurudi nyumbani nilisubiri kuchapwa. Bibi alinishika mkono mpaka tukafika mlangoni.

"Siku nyingine ukimtaja bibi yangu," akasema, "mtaje kwa jina. Aliitwa Mauwa. Na useme alikuwa mzuri wa sura."

Bibi Zuhura ametutoka zamani. Jina lake nimempa binti yangu, anayesoma chuo Dodoma, na likizo iliyopita alikuja na msichana wanayekaa naye chumba kimoja, Linda, kutoka Shelisheli. Hatujamaliza hata kusalimiana, nikamuuliza swali letu la kizee: "Wewe mwanangu ni kabila gani?"

"Mimi ni Mkrioli, mama," akajibu, huku anavua viatu.

Nikamwomba anieleze. Akasema, binti yangu akimtafsiria alipokwama, kwamba visiwani kwao walifikishwa watu waliotekwa upande wetu huu wa Afrika, wakakutana na Wafaransa, Wahindi na wengineo. Hawakuelewana, wakaunga maneno ya mabwana na ya kwao, watoto wakazaliwa humo, na leo hiyo ndiyo lugha yao. Nyumba wanaiita *lakaz*. Akasema wenzao wako Morisi, Haiti na kwingine kwingi, kila mahali na Krioli yao. Alisema yote hayo akimenya vitunguu, bila kushusha sauti.

Nilitoka nje nikazunguka ua, nikiwafikiria wazee wetu waliokufa wakidhani mambo haya yaliwapata wao tu.

Enzi zetu mgeni hakuacha chombo kichafu kwenye nyumba ya watu, na binti wa nyumbani ndiyo kabisa. Hawa wawili walikula, wakapiga picha sahani, wakahamia kibarazani kufundishana maneno, huyu Kiswahili, yule Krioli, wakikosea na kucheka mpaka wanashikana mbavu. Vyombo vyote vikabaki jikoni. Nilikwenda mpaka mlangoni kuwagombeza. Nikasimama pale kidogo, nikiwasikiliza. Kisha nikarudi ndani, nikaviosha mwenyewe.