Msiba wa Kijiji cha Waingereza

Bora niseme mwenyewe, maana akina mama wa kanisani kwetu Downsview wameshaeneza.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka kwenye kile kijiji cha makumbusho, chenye nyumba za walowezi wa Kiingereza wa zamani. Njia nzima nilijitapa kwamba mwenyeji wa Toronto ni mimi, waniulize chochote. Tulimwona mhunzi, tukaonja mkate wa tanuri. Kisha tukafika kwenye nyumba yenye kitambaa cheusi mlangoni. Ndani kulikuwa na jeneza, na pembeni yake mwanamke mwenye gauni jeusi akijifuta machozi.

"Dada Neema, huku iko matanga," akaninong'oneza Mama Furaha, Mkongomani wetu. "Turudi?"

"Turudi vipi? Makumbusho au si makumbusho, msiba ni msiba."

Nilijua wafanyakazi wa pale huvaa nguo za kale, nikadhani wamefiwa na mwenzao. Nikavua viatu, nikaketi sakafuni, nikamshika mfiwa mkono na kuangua kilio. Wenzangu wakaanzisha wimbo wa maziko. Watalii wakavua kofia. Mwanamke akazidi kulia, nami nikazidi kumbembeleza.

Tulipomaliza, watalii wakapiga makofi. Nikiwa bado nashangaa ni desturi gani hii ya kushangilia maiti, yule mfiwa akakausha macho, akaniinamia sikioni.

"Mmetusaidia sana," akasema kwa Kiingereza. "Onyesho la pili ni saa tisa. Mtaweza kurudi?"