Taa za Bi Kizee Zilizomkonyeza Mkaguzi

Haya ninayoandika hapa hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyeyaona kwa macho yangu mawili, na moja bado zima kabisa, kuna siku najiuliza kama sikuota. Lakini lori lipo. Mpwa wangu naye yupo. Hivi sasa amenipa mgongo pale kwenye benchi lake, anaunga nyaya za pikipiki ya mtu, na mimi nimebanwa kwenye kona ya meza na karatasi nilizochana kwenye kalenda ya mwaka juzi, naandika huku najisomea kwa sauti. Asiyeamini aje gereji amuulize Fundi Taa.

Fundi Taa ni jina alilopewa na madereva. Yeye ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akiinama kwenye maboneti ya watu. Hutengeneza stata, honi, dainamo, kila kitu cha gari chenye waya. Magoti yake yanalia akiinama, yanalia tena akiinuka. Yangenyamaza kama angekaa, lakini hakai. Ukimuuliza hali anajibu, "Nipo," na ukimtazama usoni unaona hata hilo la kuwepo limemchosha.

Lori lenyewe tunaliita Bi Kizee. Lilikuwa la marehemu baba yake. Lina pua ya mviringo, taa mbili za mbele kubwa kama sahani, na umri wa miaka miwili zaidi ya Fundi Taa mwenyewe. Ndani ya lori hilo ndimo alimofundishwa umeme, tangu miguu yake haijafika chini akikaa kitini. Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Mtoto akisema, "Baba, nadhani waya huu umekufa," mzee alimuuliza swali moja tu, "Umepima, au umekisia?" Kisha anamkabidhi taa ya kupimia na kwenda zake.

Mzee alipofariki, Bi Kizee akabaki kwa mtoto wa kiume, kaka yake Fundi Taa, anayebebea matofali mpaka leo. Mwaka huu kaka mtu akataka lipendeze kabla ya kulipeleka kwenye ukaguzi. Na nani alilipaka rangi? Mimi. Kijani iliyoiva, mipako mitano. Wapo watakaowaambia ilikuwa miwili, msiwasikilize. Nilifungua kila boliti ya mbele, nikapaka chini yake, nikaikaza, nikapaka na juu yake. Hakuna kipande cha bodi nilichokiacha uchi.

Basi likapelekwa, likang'aa, likakataliwa. Taa za mbele hafifu.

"Balbu zimechoka kama mimi," alisema Fundi Taa. "Tuzipumzishe. Tuweke hizi mpya za LED, kaka. Na macho yako siku hizi siyaamini jioni."

Akaziweka. Zikawaka nyeupe peee. Kaka mtu akacheka kama mtoto. Wakalirudisha ukaguzini, injini ikaachwa ingurume, na pale pale mbele ya watu taa zikaanza kupepesa. Zinawaka, zinafumba, zinawaka. Mkaguzi ni mama mmoja asiye na mchezo kabisa. Alizitazama kwa muda, akaandika kwenye ubao wake, akasema, "Hili lori linanikonyeza. Liambieni nina mume."

Uwanja mzima ulicheka. Kaka mtu hakucheka, kwa sababu mama yule alimalizia, "Mara ya tatu likikataliwa, namba yake inafutwa. Halitembei tena."

Kaka mtu akaliendesha mpaka gereji. Ndipo akasema, "Alhamisi saa tisa ndiyo mwisho, mdogo wangu. Likikataliwa, nawaita watu wa vyuma chakavu waje na gesi yao walikate." Alikuwa akiyasema hayo huku anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati lake, polepole, kama unavyomfuta mtoto pua.

Fundi Taa baadaye aliniambia kilichokuwa kichwani mwake: "Balbu zile ni wazo langu. Kama ndizo zitakazoliua lori la baba, basi nimeliua mimi."

Alhamisi alfajiri alikuwa tayari kazini. Alikuwa ametengeneza gari la mkate usiku uliotangulia, hajalala vya kutosha, na chai yake ilipoa juu ya betri bila kunywewa. Akawasha taa, injini imezimwa. Zikatulia, hazitikisiki. Akawasha injini. Zikaanza kukonyeza.

"Dainamo," alisema. "Au katauti."

Katauti ni kale kasanduku kadogo kanakouzuia umeme wa dainamo usizidi wala usipungue. Magari mapya hayana, yana vitu vyake. Ka Bi Kizee ni kale kale ka tangu kuzaliwa. Akakafungua, akasugua ncha zake kwa msasa laini, akazipima, akazirekebisha kwa bisibisi ndogo kuliko kijiti cha meno. Kazi hiyo ilimlia asubuhi yote. Kaka mtu alikuwa akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye tairi, kutoka kwenye tairi mpaka mlangoni.

"Bado?"

"Kaka, ukitembea hivyo unanichosha na miguu isiyo yangu. Kaa."

"Nikae vipi?"

"Kwa makalio, kama watu wote."

Mimi nilikuwa nimekaa tayari, kwenye kreti, nikitoa ushauri. "Balbu hizo bandia," nikasema. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua, Mjomba, ukanyamaza?"

"Sikutaka kukuvunja moyo."

Saa sita ilipofika, akarudisha katauti na kuwasha injini. Taa zikakonyeza vile vile, na mimi niliona zimezidisha dharau. Fundi Taa akazima. Akaja akaniondoa kwenye kreti, akakaa yeye, akaegemeza kichwa kwenye tairi la Bi Kizee na kufumba macho. Kaka mtu akaninong'oneza, "Usimsumbue, anafikiri." Hakuwa anafikiri. Alilala. Alilala kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na anasema alimsikia baba yake kabisa, sauti ile ile kavu: umepima, au umekisia?

Alipofumbua macho alijisonya mwenyewe. "Nimekisia," alisema. "Asubuhi nzima nimekisia."

Akainuka, magoti yakalia, akaufungua mkanda wa dainamo na kuutoa. Sasa injini ikiwaka dainamo haizunguki, na taa zinakula betri peke yake. Akawasha. Taa zikakonyeza.

"Dainamo haina kosa," akasema. "Na katauti niliisingizia bure. Sasa injini inafanya nini kingine, mbali na kuzungusha dainamo?"

"Inakunywa mafuta yangu," alisema kaka mtu.

"Inatikisa."

Akazima injini, akaziacha taa ziwake, akapiga ngumi moja juu ya madigadi ya tairi la mbele. Taa zikafumba na kufumbua. Akapiga tena. Zikafumba tena. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona kitu kinasogea usoni mwake, japo tabasamu silithubutu kuliita.

Akachukua waya mrefu, upande mmoja akaubana kwenye hasi ya betri, upande wa pili akaugusisha kwenye shingo ya taa. Akapiga ngumi. Taa ikatulia tuli. Akautoa waya, akapiga, ikakonyeza. Basi hapo alishajua. Umeme unakwenda vizuri kwenye taa, ila unakosa njia ya kurudi. Njia hiyo ni waya mfupi wa athi, unaotoka kwenye taa na kufungwa kwa boliti kwenye bodi, na bodi ndiyo inayourudisha umeme kwenye betri.

Akalala chali juu ya kadibodi, akajivuta chini ya madigadi. Halafu nikasikia, "Mjomba, hebu njoo hapa kidogo."

Nikainama.

"Hii boliti uliifungua wewe?"

"Nilizifungua zote, mwanangu. Kazi ya nusunusu mimi siijui."

"Ukapaka na chini yake."

"Mipako mitano!"

"Mjomba."

"Basi, miwili."

"Hapa ndipo umeme unaporudia nyumbani," alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo, na heri angepandisha. "Chuma kwa chuma. Wewe umeweka rangi katikati, ukaufungia mlango. Ulikuwa unapenya kwenye meno ya boliti tu, kwa kuomba. Ndiyo maana balbu za zamani zilikuwa hafifu. Zile zina uzi wa moto, umeme ukikatika kidogo uzi unabaki mwekundu, unakusitiri. Hizi mpya hazimsitiri mtu. Ukikatika kidogo, zinazima kidogo."

Nililitazama lori la shemeji yangu, kijani kila mahali, nikaona kumbe nusura nilizike mwenyewe na nikajisifu kwa jeneza lake.

Kaka mtu akaja mbio. "Umeona? Kumbe nini?"

Fundi Taa alinitazama.

"Kutu, kaka," alisema. "Umri tu. Nipe msasa."

Akasugua mpaka chuma kikatoa weupe wake, kwenye taa ya upande huu na ya upande ule, akapaka grisi kidogo, akakaza. Alipojivuta nje nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakunisema. "Nimechoka, Mjomba," akajibu. "Kugombana nako ni kazi, na leo nimeshafanya kazi."

Saa tisa kasorobo tulikuwa uwanjani, sote watatu kwenye kiti kimoja. Mkaguzi akasema injini iachwe ingurume. Ikanguruma. Akasimama mbele ya Bi Kizee, mikono kifuani. Kaka mtu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Taa zikaangaza moja kwa moja, bila hata kupepesa. Mama yule akaja akapiga bampa teke. Zikaangaza.

"Pita," akasema.

Kaka mtu akalaza paji la uso juu ya usukani. Fundi Taa alishuka, akakaa kwenye kile kidato cha mlangoni alichokuwa akipandia utotoni, akalegeza kamba za viatu, na kuziacha hivyo.

Lakini msidhani yaliishia hapo! Mkaguzi aliligeukia lori, akalizunguka mara saba, machozi yanamlengalenga, akauliza rangi hii imepakwa na nani, na watu mia tatu waliokuwa uwanjani wakasimama wakapiga makofi, ndipo mama yule akanishika mkono mimi, akaniambia tangu aanze kazi hajapata kuona kijani kama—

"Mjomba, hao mia tatu umewahesabu, au umewakisia?"