Meza ya Mkaguzi

Wiki chache zilizopita, kikundi chetu cha wasomaji hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, kiliniomba nieleze kile ambacho vitabu vinakiita nadharia ya baada ya ukoloni. Tulikutana katika chumba kilicho karibu na bandari, milango wazi, wapakuzi wakipigiana kelele huko chini mtoni. Nikasema kwamba nadharia hiyo, ukiivua mavazi yake yote, inabaki na swali moja: mtawala akishaondoka, nini chake kinabaki? Haiulizii reli na majengo tu. Inaulizia jicho. Unapojitazama, nani anatazama?

Fundi cherehani mmoja, ambaye hukaa nyuma kabisa na husoma kuliko sisi sote, akainua mkono.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hivi vitabu viliandikiwa wapi?"

"Vingi, mbali. Vyuo vikuu vya ng'ambo."

"Basi hao njo wakaguzi wapya, ndio hao. Wanakuja kuangalia kama tuliumia vizuri."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini neno mkaguzi lilinifuata njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu nyumba niliyokulia ilikuwa na chumba cha mkaguzi.

Babu yangu alikuwa karani wa reli. Enzi za Wabelgiji aliomba kadi iliyotolewa kwa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Kadi hiyo haikutolewa hivi hivi. Mzungu alikuja nyumbani na msaidizi wake, wakachungulia chini ya vitanda, wakafungua kabati, wakanusa choo, kisha wakamtaka bibi aandae meza mbele yao. Bibi alitoka katika jamaa ya Waislamu wa Kasongo, watu waliozoea kunawa na kula kwa mkono kutoka sinia moja. Sinia yake ya shaba, aliyopewa na mama yake, ilifungwa ndani ya shuka na kufichwa kwa jirani mpaka Mzungu alipoondoka.

Babu akapata kadi. Baada ya uhuru hakuna aliyemuuliza tena habari zake. Lakini chumba cha mbele kilibaki kama kilivyokuwa siku ile ya ukaguzi: meza, kitambaa cheupe, sahani zimefunikwa, uma kushoto, kisu kulia. Kila Jumamosi babu alipangusa vumbi, akafunga mlango, akauvaa ufunguo shingoni. Chakula tulikula nyuma, karibu na jiko, kwenye mkeka, tumeizunguka ile sinia, naye babu akiwamo. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilikishuku chumba kile kama unavyomshuku mtu anayetabasamu bila kusema. Nilipoweka jicho kwenye tundu la kitasa, niliona uma umelala juu ya kitambaa, nikahisi kwamba nao umeniona.

Kisha vita, nilipokuwa msichana wa kuchota maji. Treni ilisimama, majani yakaota kati ya vyuma vya reli. Mji ulishikwa na jeshi moja, msitu ukashikwa na watu wengine, na sisi tulikuwa katikati pasipo chumvi wala sabuni, ila ile kidogo iliyoshuka na ndege. Watu walijifunza kuangalia moshi wa jirani: anapika nini, amepata wapi, nani amemletea?

Asubuhi moja kisimani wasichana walikuwa wanajivuna. Mmoja alikuwa na mjomba anayepakua mizigo ya ndege. Mwingine alikuwa na viatu. Mimi sikuwa na kitu, basi nikasema kwetu kuna chumba kinachofungwa kwa ufunguo.

"Ndani iko nini?"

"Siwezi kusema."

Ni hayo tu niliyosema. Kabla ya juma kwisha, maneno hayo yalikuwa yamezunguka mji na kunirudia kisimani pale pale, kinywani mwa mwanamke asiyejua mimi ni mtoto wa nani: muzee wa reli ana foni chumbani, ile mashine ya redio ya kuongea na watu wa mbali, na anaongea na wale wa msituni. Waliochukuliwa kwa ajili ya foni hawakuwa wanarudi. Hilo nililijua. Nilijaza ndoo yangu, nikaenda nyumbani, nikanyamaza.

Walikuja adhuhuri, kamanda wa lile jeshi la mjini na askari watatu.

"Muzee, fungua."

Babu alifunga kwanza vifungo vya shati hadi shingoni. Kisha akafungua mlango, akaanza kuwaonyesha kabla hawajauliza. Alifungua kabati. Aliinua kitambaa. Aligeuza sahani waone chini yake. Akasimama wima, visigino vimegusana.

"Choo iko nyuma, bwana. Iko safi."

Kamanda aliwatazama askari wake. "Muzee, nani alikufundisha kukaguliwa?"

Babu alinyoosha uma mmoja uliokaa upande.

"Foni iko wapi?"

"Hakuna foni."

"Na hii meza? Nani anakulaka hapa?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu!" Kamanda alizunguka meza polepole. "Unatandikia hakuna mtu, na muji muzima iko na njaa. Unangojea wageni gani, muzee? Wa musituni?"

Babu alitoa ile kadi mfukoni, akainyoosha kwa mikono miwili. Kamanda akaitazama picha ya kijana aliyenyoa vizuri, akaigeuza, akaitupa mezani.

"Utatueleza huko mbele. Twende."

Askari mmoja alimshika babu kiwiko. Nilitaka kusema kwamba ni mimi, ni mdomo wangu wa kisimani.

Ndipo bibi akaingia na sinia. Bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, chakula chetu chote cha siku hiyo. Alizisukuma sahani kwa kiwiko, uma mmoja ukaanguka sakafuni, akaiweka sinia katikati ya kitambaa cheupe. Akavuta kiti, akaketi mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi.

"Anayekulaka hapa ni mimi," alisema. "Mutoto, leta maji ya mikono. Kaeni, wanangu. Chumvi hakuna, musinilaumu."

Nilileta maji, birika mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Askari aliyemshika babu alitazama sombe, akamtazama kamanda, kisha akakiachia kile kiwiko ili anawe.

Kamanda alibaki amesimama. "Mama, na foni umeificha ndani ya sombe?"

"Ingekuwa na chumvi, ningekupikia."

Wakacheka. Kamanda akamega tonge akiwa bado amesimama. La pili alilila ameketi. Walikula mpaka shaba ikaonekana. Wakati wa kuondoka kamanda alikusanya uma zote, hata ule wa sakafuni, sijui za nini, akazitia mfukoni.

"Muzee," alisema mlangoni, "anza kukula kama watu."

Babu alikuwa bado wima. Hatua zao zilipopotea barabarani, alimgeukia bibi.

"Wamenipitisha?"

Bibi alikuwa anafuta mafuta ya sombe kwenye kitambaa, na yalikuwa hayatoki. "Wameshiba," alisema. "Kaa."

Akakaa. Akavua ufunguo shingoni, akaniita, akaniwekea kiganjani.

"Wakija tena, wewe njo utafungua. Wewe unajua kuongea na watu juu ya hiki chumba."

Hakukunja uso. Mpaka leo sijui alijuaje, na mpaka anafariki sikumuuliza.

Kile chumba sasa hakina mlango. Sinia ninayo, na ufunguo ninao. Ninaandika riwaya juu ya nyumba ile, na watu wa mbali ambao huenda wakaichapisha wameniandikia wakitaka nieleze zaidi kilichomo chumbani. Swali lao ni lile lile la wasichana wa kisimani, na mimi, nikilisikia, bado navimba kichwa. Ndiyo maana kila ukurasa naushuku. Jana niliandika kwamba uma za babu zilikuwa za fedha. Hazikuwa za fedha. Zilikuwa za bati, na mmoja ulikuwa umepinda jino. Nimefuta.