Nilivyomnyima Atupele Jina la Mwasubila

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo pale Tukuyu, Msajili alinipa kalamu na onyo moja. Alikuwa mtu wa kuja, Kinyakyusa hajui hata neno. "Binti, andika anachosema mzazi. Unachokijua wewe kiache nyumbani."

Nikamcheka kimoyomoyo. Huyu atanifundisha majina ya kwetu? Ile "Mwa" inayoanza koo zetu maana yake ni wa nyumba ya fulani. Mwasubila ni wa nyumba ya Subila, na subila ni kutumaini. Babu yao alizaliwa baada ya ndugu zake wote kufa wachanga. Tena sisi tunajua: ng'ombe wa mahari wasipofika, mtoto ni wa kwa babu mzaa mama.

Nimeshahamishiwa Isongole, akaja mama mmoja na kichanga. "Andika Atupele Mwasubila." Nikamuuliza kama ng'ombe wamefika. Akainama. "Wako njiani." Nikaandika ukoo wa baba yake huyo mama. Hakujua kusoma, nami sikumsomea. Nilijiona mjuzi kweli!

Nikapelekwa Ikuti, nikarudi Tukuyu chini ya Msajili mwingine, nikastaafu kwa keki na vigelegele.

Mwaka jana Atupele, sasa mtu mzima, akapiga hodi kwangu. Baba yake yu mahututi, na kaka zake wa mama mwingine wameshika kile cheti cha kuzaliwa: wanasema si damu yao, hata msibani asikanyage. "Ng'ombe walifika wiki ileile, Bibi. Njoo uwaambie tu." Cheti ni mwandiko wangu, ningekataa nini? Lakini niliona haya, jamani. Nikasingizia mguu, nikasema nitakuja wiki inayofuata.

Nilipokwenda, wameshazika. Nikaeleza yote mbele ya wazee, huku nalia. Mkubwa wa ukoo akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndaga, asante mama. Tumekusikia. Ni mtoto wetu." Cheti kikarekebishwa, nilimsindikiza Atupele ofisini mwenyewe.

Siku tuliyokichukua tukapitia kaburini. Wakati wa kujengea, watoto wa marehemu walikuwa wameandika majina yao kwa msumari kwenye saruji mbichi. Yalikuwa sita. Nikaokota msumari chini, nikapiga magoti, nikaanza kukwaruza la saba.

Atupele akanishika mkono taratibu.

"Acha, Bibi. Imeshakauka."